Ubavu wa Mreteni

Bibi Guldasta alikuwa na ubavu mmoja wa mti. Ulikuwa upande wa kushoto, na ulikuwa wa mreteni, ule mti mfupi wa milimani ambao ukiuchoma, moshi wake unakaa kwenye nguo mpaka harusi ijayo. Mbavu zake nyingine zilikuwa za mfupa, za kawaida, kama zako. Bondeni kwetu hilo halikuwa jambo la kubishania. Mtu aliweza kubisha kama theluji itaanguka, kama mkwe wake ana akili, kama serikali inajua tupo. Ubavu wa Bibi Guldasta haukubishiwa.

Alikuwa dada wa babu yangu, na mimi nimekulia nyumbani kwake. Mengine ninayosimulia niliyaona, na mengine nimeyasikia mara nyingi mno hata nimesahau kuwa sikuyaona.

Kuna jambo ambalo kwetu mtoto hulijua kabla hajaacha ziwa. Juu kabisa, pale majani yanapokwisha na theluji inapoanza, wanaishi peri, majini wa milimani wasioonekana kwa macho. Mbuzi wa milimani, wale wenye pembe zilizopinda kama mundu, ni mifugo yao. Peri wakitamani nyama humchinja mmoja, hula, hucheka, kisha hukusanya mifupa yote juu ya ngozi na kuipiga kwa fimbo, na mbuzi huinuka akaenda zake kutafuta majani kama mtu aliyetoka kulala. Ndiyo maana mifugo yao haipungui. Lakini walaji ni walaji, na mahali penye kicheko mfupa hupotea. Basi huchonga mwingine kwa mti wa mreteni, wakaupachika mahali pake. Wawindaji wa zamani waliapa kwamba waliwahi kumpasua mbuzi wakakuta ubavu wa mbao katikati ya mbavu nyingine, umekaa vizuri, una harufu nzuri. Waliokuta hivyo walitundika bunduki ukutani wakaanza kulima viazi.

Sasa, Guldasta. Alikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka na mengine hayajaota, alipopotea kwenye malisho ya juu. Malisho hayo ni ya wanawake. Kila kiangazi kikianza hupanda na mbuzi, kondoo na yaki, wale ng'ombe wa manyoya wanaotembea kama mazulia yaliyochoka, wakakaa huko wakisuka siagi na kukausha mtindi mpaka baridi iwafukuze. Wanaume huwasindikiza na mizigo, huishia kwenye mstari wa mawe. Mwanamume akivuka mawe, peri hukasirika: maziwa hukataa kutoa siagi, ndama huanguka mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyehitaji kuonyeshwa ushahidi. Hakuna aliyevuka, na siagi ilitoka. Ushahidi gani zaidi ya huo?

Siku hiyo ukungu ulishuka kama mtu aliyeangusha shuka, na mtoto akaachana na kundi. Wanawake walimwita mpaka sauti zikakauka. Asubuhi yake jua lilipotoka walimkuta amelala chini ya mwamba, mashavu mekundu, ananuka mreteni kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, na ubavuni ana uvimbe ambao hakutaka uguswe. Akasema alisikia wanawake wakiimba ndani ya ukungu. Akasema palikuwa na mtu, au watu, karibu yake, wakila. Bibi yake mzaa mama akamuuliza walikuwa wakila nini. Mtoto hakujua. Alijua tu kwamba alikuwa na njaa na hawakumpa.

Bibi huyo akaupapasa ule uvimbe, akanusa vidole vyake, akakaa kitako.

"Wangekupaje, mwanangu," akasema. "Chakula kilikuwa ni wewe."

Ikawa hivyo. Peri walimla Guldasta, wakampanga tena, na kwa kuwa walipoteza mfupa mmoja, wakamlipa kwa mti. Uvimbe ulipopungua, mahali pake pakabaki kifundo kigumu, na kifundo hicho kiliguswa na kila mwanamke wa bonde hili angalau mara moja, wengine kwa heshima na wengine kama wanaochagua tikiti sokoni.

Kuishi na ubavu wa mti kuna faida zake. Ulikuwa ukimuuma kabla theluji haijaanguka, kwa hiyo kila asubuhi watu walipita ukutani kwetu na kuuliza, si "umeamkaje," bali "ubavu unasemaje leo?" Redio ya mjini ikisema jua na ubavu ukasema theluji, watu walivaa makoti, na hawakujuta. Alikuwa pia na usingizi wa ajabu. Angeweza kulala amesimama, mkono juu ya mgongo wa yaki, macho nusu wazi, na akiamka alikuwa na habari. Nimeota mto unarudi juu kumtembelea mama yake, angesema, huku anamimina chai ya maziwa na chumvi. Nimeota mkate wetu una madirisha, na ndani kuna watu wadogo wanalalamika joto. Alisema hayo kwa sauti ileile aliyosemea kwamba unga umekwisha, na ukikaa naye sana na wewe ulianza kuutazama mkate kwa wasiwasi.

Na hasara zake. Alipokuwa msichana, Khushbek mtoto wa mchonga vijiko alimtaka. Hilo bonde zima lilijua, kwa sababu Khushbek alikuwa kijana wa kuvunja kitu kila Guldasta akipita: alivunja vijiko, jembe, na siku moja kidole chake mwenyewe. Mama yake Khushbek alipoambiwa, alisimama mlangoni pake, mahali ambapo sauti inafika nyumba zote, akatoa jibu.

"Nikitaka kuni," akasema, "nitakwenda kuokota."

Maneno hayo yalimaliza habari. Nani tena angeleta mshenga? Mtu hataki wajukuu wenye vifundo. Khushbek akaozwa msichana wa kijiji cha ng'ambo ya mto, mwanamke mzuri, mpole, mwenye mifupa kamili. Guldasta akabaki kwa kaka yake. Watoto walimgonga mgongoni kwa vidole, ngo ngo, halafu wakakimbia, naye akawajibu bila kugeuka kwamba mwenye nyumba hayupo.

Lakini bonde haliachi kitu kiharibike bure. Mwanamke aliyekuwa akifungua malisho alipofariki, wanawake walikaa wakatazamana, na hawakukaa sana. Kufungua malisho ni hivi: siku ya kupanda, wanawake na mifugo yote husimama kwenye mstari wa mawe. Mfunguzi huvuka peke yake, na unga kwenye kitambaa na mreteni unaofuka moshi kwenye upawa wa chuma. Huingia kwenye vibanda vilivyokaa tupu majira yote ya baridi, huwaamkia peri, huwaomba wawaachie wanadamu majani kidogo, kisha hutoka na kupiga kiganja cha unga kwenye nguzo ya mlango. Hapo ndipo mifugo huingia. Mfunguzi lazima asiwe na mume, kwa sababu peri humhesabu kuwa mtu wao, na peri si watu wa kugawana. Sasa nani alikuwa mtu wao kuliko Guldasta? Alikuwa na kipande chao mwilini.

Basi akafungua malisho, kiangazi baada ya kiangazi, mpaka nywele zake zikawa rangi ya ule unga. Na kila mwaka, siku ya kupanda, juu ya mawe ya mpakani palikuwa na kijiko kipya cha mti wa mwerebi, au bakuli, au mtungi wa kusukia siagi, laini kama shavu la mtoto. Wanawake walisema ni sadaka ya Khushbek kwa peri, kwamba mchonga vijiko yule ni mcha Mungu kweli. Bibi alivichukua bila neno. Alipikia kijiko cha mwaka huo mwaka mzima, kisha akakitundika ukutani. Ukuta wetu ulijaa vijiko. Hata siku moja hapakuwa na kijiko cha mreteni. Khushbek alichonga miti yote ya bonde hili isipokuwa huo.

Mke wa Khushbek alifariki, akaliliwa kwa haki. Muda ukapita. Mwaka huo ninaotaka kuusema, aprikoti zikiwa zimechanua mpaka bonde linaonekana kama limefurika maziwa, Khushbek alikuja ukutani kwetu mchana kweupe, bila mshenga, kofia mkononi. Mimi nilikuwa nakanda unga uani na sikuondoka, kwani nilikuwa na adabu lakini si kiasi hicho.

Alisimama sana. Kisha akasema anataka kumwoa Guldasta, kama Guldasta bado anaolewa.

"Umechelewa, Khushbek," Bibi akamwambia. "Chai imeshapoa."

"Hata ya baridi nakunywa," akasema yule mzee.

Bibi akaingia ndani. Nilidhani amekasirika. Nilimkuta amesimama mbele ya ukuta wa vijiko, anakigusa kimoja kimoja kama mtu anayetafuta mlango gizani, na alipogeuka nikaona kwamba anataka. Kabisa. Sikuwahi kumwona anataka kitu, kwa hiyo ilinichukua muda kuitambua sura ile.

Habari ilifika kisima cha juu kabla unga wangu haujaumuka. Jioni haijafika, nyumba ikajaa wanawake. Bibi Shakarmo, mkubwa wa malisho, ambaye mdomo wake haukuwahi kukutana na kufuli, alikaa karibu na jiko akasema yaliyokuwa kwenye vichwa vya wote. Hakuna anayemwonea wivu Guldasta, alisema. Mume katika uzee ni kama soksi za pili, hazizidi. Lakini akiolewa, nani atafungua malisho? Peri watasema tumewaibia mtu wao. Na tutampata wapi mwingine?

"Mnataka tumkate nani ubavu?" akauliza, na macho yake yakatua kwangu. "Huyu angefaa. Ulimi tayari ni wa mbao."

Wanawake wakacheka, lakini kidogo, kama watu wanaocheka kwenye daraja bovu. Bonde letu linaishi kwa siagi ile na mtindi ule. Malisho yakifungwa, baridi huwa ndefu. Bibi aliwasikiliza wote huku anasokota sufu. Alipoulizwa anasemaje, alisema hatajibu pale. Atawauliza peri wenyewe, kwenye mawe, siku ya kupanda. Wakisema hapana, atamrudishia Khushbek vijiko vyake vyote, na akitaka avichome kupikia chai.

Kuanzia siku hiyo hakutusimulia ndoto. Nilimuuliza. Akasema analala, lakini huko anakokwenda hakuna mtu, kama nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Tukapanda. Njia ya malisho inapita kwanza kwenye mashamba, kisha kwenye mawe yaliyoporomoka, kisha kandokando ya barafu kuu ambayo hulia chinichini mchana jua linapoipiga, kama tumbo la mtu mkubwa aliyelala. Asubuhi hiyo hewa ilikuwa nyepesi hata sauti za kengele za mbuzi zilifika kabla ya mbuzi. Yaki walikwenda vichwa chini, mvuke ukiwatoka puani, na mbele yetu Bibi Guldasta alitembea kama anayevutwa na uzi. Nyuma yake Khushbek, mgongoni amebeba mtungi mpya wa siagi. Vijana walijitolea kumpokea akakataa. Alipumua kama mlango wa zamani. Bibi Shakarmo alimwambia akifa njiani asitegemee kuzikwa na wanawake, na yeye akasema basi atajitahidi.

Karibu na mawe, ukungu mwembamba ulikuwa umelala juu ya majani, na majani yalikuwa yanang'aa ndani yake. Vibanda vilionekana vinaelea. Wanaume waliteremsha mizigo. Bibi akawasha mreteni kwenye upawa, akanipa niushike wakati anafunga kitambaa cha unga, na ni kwa sababu hiyo tu nilikuwa karibu na nikasikia. Alikuwa ameinua mguu kuvuka.

"Guldasta," Khushbek akasema. "Kabla hujawauliza, kuna jambo. Yule alikuwa mimi."

Bibi akaushusha mguu.

Khushbek akamwambia, na alikuwa haangalii uso wake, alikuwa anaangalia mawe. Kwamba siku ya ukungu alikuwa mtoto, anachunga kondoo wa baba yake chini ya malisho, na mwanakondoo mmoja akavuka mpaka, naye akamfuata. Kwamba alimkuta msichana chini ya mwamba, ameanguka, anapumua kwa kuiba. Alikata kijiti cha mreteni, kwa sababu hakuna mti mwingine huko, akakilaza kwenye ubavu wake na kukifunga kwa mkanda wake mwenyewe, kama alivyomwona baba yake akiufunga mguu wa mbuzi. Hakuthubutu kushuka kuita watu. Ndama walikuwa wanakufa mwaka ule. Angesema amevuka, wangemwambia ni yeye aliyewaua. Basi aliimba. Sauti yake ilikuwa bado ya kitoto, akaimba nyimbo za wanawake ili wenye kumtafuta wafuate wimbo. Wimbo ulipotea kwenye ukungu. Akakaa naye mpaka alfajiri, akasikia watu wanakuja, akakimbia.

Moshi wa upawa ukanigeukia ukaniingia machoni.

"Kulikuwa na mtu anakula," Bibi akasema.

"Mtindi mkavu. Nilikuwa nao mfukoni."

"Hukunipa."

"Ulikuwa umelala."

"Sikuwa nimelala, Khushbek. Nilikuwa na njaa."

Nilitaka kucheka na nikashindwa, kwa sababu niliuona uso wake. Ulikuwa wa mtu aliyevuliwa nguo kwenye upepo. Maisha yote amekuwa mtu wa peri, na sasa peri ni mtoto wa mchonga vijiko, na ule wimbo ni wa mwoga mdogo anayetafuna. Akamuuliza jambo moja: siku ile mama yake anasema habari ya kuni, yeye alikuwa wapi.

"Nyuma ya mlango."

"Ukasikia."

"Nikasikia. Ningesema kweli ningefukuzwa bondeni. Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo." Kisha akasema, polepole, kama mtu anayetoa mwiba: "Lakini kuna kitu kimoja sikielewi mpaka leo. Walipokuchukua, nilirudi kuutafuta mkanda, baba angeniuliza. Ulikuwa juu ya mwamba, umekunjwa vizuri, mikunjo ya mtu mwenye mikono ya taratibu. Kile kijiti hakikuwepo. Nilitafuta kila mahali. Na wale waliokukuta hakuna aliyesema ameona mkanda wala kijiti."

Ni kweli. Kisa kile nimekisikia tangu nizaliwe, kwa midomo yote ya bonde hili, na hamna mdomo uliowahi kutaja kijiti.

Bibi aliweka kiganja chake ubavuni, mahali pake, juu ya koti.  Halafu akachukua upawa mkononi mwangu, akavuka mawe, akaenda kwenye vibanda bila kugeuka.

Tukangoja. Miaka mingine alikaa kidogo tu. Siku hiyo alikaa. Ukungu uliinuka ukafika magotini, kiunoni, na yaki wakawa migongo tu, visiwa vyeusi vinavyopumua. Mbuzi waliacha kulia. Kila mmoja wetu alikuwa amesimama na mawazo yake, na mawazo yenyewe yalikuwa yamelainika, kama siagi iliyosahaulika juani. Mtu aliyekuwa nyuma yangu alisema ametembea ndotoni hapa jana. Mwingine akasema na mimi pia. Nami nilikuwa na hakika, kwa muda, kwamba nikisikiliza vizuri nitasikia watu wakicheka juu kwenye theluji, si kwa ubaya, kama watu wanaoosha vyombo baada ya karamu. Khushbek alikuwa ameketi kwenye mtungi wake, kofia mapajani, anangoja kama mtu aliyeshahukumiwa na anayetaka tu kujua tarehe.

Akatoka. Kiganja cha unga kilikuwa kwenye nguzo. Tulikiona kikiwaka ndani ya ukungu kabla ya kumwona yeye. Alikuja mpaka kwenye mawe, upande wake, akasimama.

"Wamesemaje?" Bibi Shakarmo akauliza.

"Wamecheka," Bibi akasema. Na akamtazama Khushbek. "Uliwahi kuvuka hapa hakuna anayekuona. Ukanyamaza, na mimi nikawa kuni. Ukitaka niwe mkeo, vuka sasa, wote wakiwa wanakutazama. Ukiogopa, teremka, na wala sitakulaumu. Nimeshazoea."

Wanaume wakaanza kusema hapana, hapana, mzee asicheze. Mwana wa Khushbek akamshika mkono. Bibi Shakarmo hakusema kitu, na hilo lilitutisha kuliko yote. Mara ya kwanza kwa macho ya bonde zima, mwanamume alikuwa anaombwa avunje kitu ambacho hakijavunjwa, na si na mtu mwingine bali na mlinzi wa kitu hicho.

Khushbek akainuka. Akavaa kofia.  Aliinua mguu juu sana, kama mtu anayeingia mto wa baridi, akauweka upande wa pili. Kisha mwingine.

Tukangoja maporomoko. Tukangoja ngurumo, na ndama waanze kuanguka. Juu kwenye mwamba ukungu ulipasuka kidogo na tukaona mbuzi wa milimani, kundi zima, wamesimama mahali ambapo hata macho yanateleza. Walitutazama. Dume lao kubwa lilikuwa linatafuna. Likaendelea kutafuna, kama mtu anayekula mtindi mkavu mfukoni na hataki kumpa mtu.

Bibi Shakarmo akasafisha koo.

"Basi kama ameshaingia," akasema, "asisimame hapo kama kigingi. Mtungi ule haujibebi."

Khushbek akarudi akauchukua mtungi, akavuka mara ya pili kwa urahisi zaidi, na wanawake wakaswaga mifugo nyuma yake. Alilala kibanda cha mwisho siku hiyo, akashuka kesho yake, na walipoteremka wote mwisho wa kiangazi wakaoana, kwa mkate na mchuzi na maneno mengi ya Bibi Shakarmo. Siagi ilitoka. Wapo wanaosema haikuwa nzuri kama ya mwaka uliotangulia, lakini hao husema hivyo kila mwaka.

Bibi aliendelea kufungua malisho, mke wa mtu, na hakuna aliyetaja sheria. Khushbek alimsindikiza mpaka kwenye mawe, na hapo aliketi akamngoja, kwa hiari yake. Hakuvuka tena. Alisema ameshavuka vya kutosha. Nyumbani kwetu, alikohamia, alikuwa wa kwanza kuuliza kila asubuhi ubavu unasemaje, na alikuwa wa mwisho kukubali jibu, na waligombana juu ya theluji kama watu walioanza kugombana wakiwa vijana. Ndoto zilirudi. Nilimsikia siku moja akimwambia ameota yeye ni mti, kando ya mwamba, na mtoto amekuja kumkata tawi, na haikumuuma.  Khushbek alikuwa amelala, au alijifanya, hiyo ilikuwa kazi yake ya zamani. Bibi akachukua mtindi mkavu, akamwekea mdomoni.

Miaka kadhaa baadaye, asubuhi moja ya theluji ambayo hakuitabiri, Bibi hakuamka. Walikuja wanawake kumwosha. Bibi Shakarmo aliingia wa kwanza na kutoka wa mwisho, na mlango ulipofunguliwa harufu ya mreteni ilitoka mpaka uani, ingawa jikoni kwetu siku hiyo tulikuwa tumechoma samadi tu.

Nilimfuata. Nikamuuliza, sikuona aibu, kama ameuona ule ubavu. Mwanamke huyu alikuwa ameyasema yote ya bonde hili, ya waliooana na wasiooana, ya wafu na ya waliochelewa kufa. Alinitazama sana. Alikuwa na mikono mizuri, ya taratibu, bado imelowa, nami nikakumbuka mkanda uliokunjwa juu ya mwamba.

"Nenda kachote maji," akaniambia.